Antena ya Nje Kolandoto: Mafunzo Niliyopata

Nyumbani kwetu Kolandoto redio ina kazi nzito. Mama anasubiri matangazo ya vifo, mzee anataka bei ya pamba na habari za mvua, vijana wanataka mpira. Kituo kikikwaruza saa ya matangazo, mtu anaweza kukosa msiba wa ndugu yake. Nilipoamua kuweka antena ya nje, haya ndiyo niliyojifunza.

1. Itoe redio nje kwanza.
Mabati yanazuia mawimbi. Yanayofika ndani yamepita dirishani, mlangoni au ukutani, tena yamedhoofika. Kwa hiyo kabla ya kununua redio mpya, chukua ileile ya zamani uisikilize uwanjani, mbali na ukuta. Ikishika vizuri huko, redio ni nzima. Ya kwetu ilishika vizuri, na hela ya redio mpya ikaenda kwenye ada ya shule.

2. Panda juu kabla ya kununua antena kubwa.
Mawimbi ya FM husafiri karibu kama mwanga: dunia ikijipinda, yanakatika. Mnara wa kituo ukiwa na kimo cha mita 100 kwenye ardhi tambarare, antena iliyo mita 2 kutoka chini inaonana nao hadi kilomita 47 hivi. Ukiipandisha hadi mita 9, kilomita 54 hivi. Hizo kilomita 7 si faida yote. Huko juu antena imepita mabati, miembe na nyumba ya jirani, na hapo ndipo mkwaruzo unapokatika hata kwa kituo cha karibu. Mti mrefu wa mkaratusi ulionyooka, uliochimbiwa vizuri na kufungwa kamba pande tatu, unatosha.

3. Urefu wa vijiti una hesabu yake.
FM iko kati ya megahezi 87.5 na 108. Gawanya 142.5 kwa namba ya kituo, utapata urefu wa antena kwa mita. Kwa 98 inakuja mita 1.45, yaani vijiti viwili vya sentimita 73 hivi kila kimoja, vilivyopangwa ncha kwa ncha bila kugusana. Mimi nilitumia bomba jembamba la alumini juu ya kipande cha ubao mkavu. Waya wa dishi unafaa kuteremsha mawimbi: uzi wa kati unakwenda kijiti kimoja, wavu wa nje kijiti cha pili. Funga kwa skrubu, kisha ziba maungio yasiingie maji, kwa sababu maji yakipenya ndani ya waya huo, masika moja tu inatosha kuuharibu.

Redio isiyo na tundu la antena nayo ina njia: bana uzi wa kati kwenye antena yake ya kuvuta.

4. Antena za zamani za televisheni si zote zinafaa.
Mitambo ya analojia ilianza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na baadaye antena nyingi zikabaki juu ya mapaa bila kazi. Zenye vijiti vifupifupi vya shibiri moja na nusu hivi zilitengenezwa kwa masafa ya juu zaidi. Kwa FM hazisaidii sana. Lakini alumini yake ni nzuri.

5. Jua mji uko upande gani.
Kutoka Kolandoto, Shinyanga mjini ni kusini-magharibi. Antena iliyolala inasikia vizuri kwa ubavu na vibaya kwa ncha, kwa hiyo vijiti nimevielekeza kaskazini-magharibi na kusini-mashariki. Radio Faraja, ya Jimbo Katoliki la Shinyanga, haina shida. Jaribu pia kuisimamisha wima, maana vituo vingine hurusha mawimbi yaliyosimama.

Geita ni habari nyingine. Ni mbali mno kwa mawimbi ya huko kutufikia kila siku. Kuna alfajiri ambapo hewa ya joto hulala juu ya hewa baridi, mawimbi yakapinda na kituo cha mbali kikasikika safi. Jua likipanda, kimepotea. Msidanganywe na muuzaji wa kikuza mawimbi: kifaa hicho kinakuza na mkwaruzo.

6. Zima sola usikilize.
Chaji kontrola ya sola na baadhi ya taa za bei rahisi hutoa kelele zake. Zima kifaa kimoja baada ya kingine mpaka upate mkosaji, kisha uweke redio na waya wake mbali nacho.

7. Radi ya Kanda ya Ziwa haina mzaha.
Hapa sikubali ubishi. Nguzo ikiwa ya chuma, ifungwe waya mnene wa shaba hadi kwenye chuma kilichochimbiwa ardhini, ingawa hilo peke yake halizuii radi inayopiga moja kwa moja. Wingu likianza kujikusanya, na kabla ya ngurumo, chomoa waya kwenye redio uutoe nje ya dirisha. Wala mtu asipandishe nguzo jirani na nyaya za umeme. Iwe mbali kiasi kwamba hata ikianguka isizifikie.