Mama Mwenye Mimba na Chanjo ya Ebola

Kati ya matendo ya huruma ambayo kila mkatekumeni hufundishwa, mojawapo ni kuwaangalia wagonjwa. Tendo hilo laonekana jepesi, mpaka pigo kubwa liingiapo katika nchi. Basi wakatekumeni wa Rwambuzi, na wa vijiji vilivyo pande zote za Bunia, wayafikiri mambo yaliyotokea Ituri na Kivu ya Kaskazini wakati wa Ebola, tangu tarehe 1 Agosti 2018 mpaka tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua, na 2,287 kati yao walikufa.

Safari hii chanjo ilikuwako. Waliomgusa mgonjwa waliitwa wachomwe sindano, pamoja na waliokutana nao. Zaidi ya watu 300,000 walichanjwa. Lakini hapo mwanzo mama mwenye mimba alirudishwa nyumbani, na mama anyonyeshaye vilevile. Sababu yake haikuwa ukatili. Ndani ya chanjo ile mna virusi hai, ingawa si ya Ebola yenyewe, na waganga waliogopa isije ikamdhuru mtoto, maana ilikuwa haijapimwa vya kutosha kwa wenye mimba.

Je, hofu hiyo ilikuwa na haki? Ndiyo. Je, ilitosha? Hasha. Kwa desturi zetu ni nani ampanguzaye mgonjwa matapishi, amfuliaye nguo, amlishaye uji? Ni mama huyo huyo. Na Ebola ikimpata mwenye mimba, ni nadra sana mtoto wake kuishi. Waliomkinga na sindano walimwacha uso kwa uso na ugonjwa. Baada ya mabishano marefu, mwaka 2019 mlango ulifunguliwa: wanyonyeshao walikubaliwa, na wenye mimba pia, wakiisha kupita miezi mitatu ya kwanza.

Watoto nao walikuwa na hatari yao. Mwishoni mwa mwaka 2018, huko Beni, watoto wengi waliambukizwa mahali pale pale walipopelekwa kuponywa. Wazazi walikuwa wamewapeleka kwa ajili ya malaria, katika nyumba ndogo za dawa ambamo usafi wa mikono na wa sindano haukuangaliwa vema. Kwa hiyo mzazi asione haya kumwomba mwuguzi afungue sindano mpya mbele ya macho yake. Mwuguzi mwema hachukizwi na ombi hilo.

Tena walikuwako watoto wachanga ambao mama zao walilazwa, na ambao hakuna jirani aliyethubutu kuwapokea. Kwa ajili yao nyumba za malezi zilifunguliwa Beni na Butembo. Waliowabeba na kuwanywesha maziwa ni watu waliokwisha kupona Ebola, kwa kuwa miili yao ilikuwa imepata kinga. Ndio wale wale ambao wengine waliogopa hata kuwapa mkono.

Na wazee? Wengi hukataa kwenda hospitali kwa hofu ya kufa peke yao. Huko Beni vilitumika vyumba vyenye kuta zionyeshazo kama kioo, jamaa wakasimama nje, wakaonana na mgonjwa wao na kusema naye.

Maswali ya kujibiwa pamoja na katekista:

Kwa nini kumnyima mama mwenye mimba chanjo hakukuwa kumlinda?

Katika kijiji chenu, ni nani ambaye akiugua usiku wa leo hatafikishwa kwa mganga, na ni nini kimzuiacho?