Tusafishe Koo la Injini

Kila atokaye Maungu kuja Kasigau analijua vumbi letu jekundu. Huingia nguoni, huingia chakulani, na injini nayo haiponi. Leo hebu tujifunze kusafisha koo la hewa la gari la petroli, kile kipande ambacho mafundi hukiita throto.

Si jambo dogo hili. Gari linalozimika kila dereva akiachia mafuta, na ndani mna mgonjwa anayekimbizwa Voi, laweza kuleta msiba. Tena hii ni njia ya ndovu. Si pa kukwama usiku!

Koo lafanya kazi gani?

Injini hupumua kama sisi. Kilo 1 ya petroli huhitaji takribani kilo 14.7 za hewa ili iungue vizuri. Hewa hiyo hupita kwenye chujio, kisha kwenye koo. Humo mna kisahani kinachofunguka dereva akikanyaga mafuta, na kujifunga akiachia. Kikijifunga, hewa hubakiwa na upenyo mwembamba tu. Masizi na mvuke wa oili vikigandamana hapo, upenyo huziba. Basi gari hutetemeka likisimama, au huzima kabisa.

Vifaa

Bisibisi, glavu, kitambaa kisichoacha nyuzi, mswaki laini mkuukuu, na kopo la dawa ya kusafishia throto.

Hatua

1. Mwenye gari awepo. Egesha nje penye hewa, zima injini, toa ufunguo, ngoja ipoe. Dawa hii hushika moto upesi: sigara, jiko na kibatari viwe mbali.
2. Chomoa waya wa hasi wa betri.
3. Legeza klipu za bomba la hewa, uliondoe. Nyaya zake zichomoe taratibu.
4. Pulizia dawa kwenye kitambaa, ufute kuta za koo na kisahani. Penye masizi magumu tumia mswaki. Usikwangue kwa kisu wala msasa.
5. Kisahani kinachovutwa kwa kebo, kifungue polepole ufute nyuma yake. Kinachoendeshwa kwa mota ya umeme usikisukume kwa kidole, utakiharibu. Futa panapofikika, kwingine mwachie fundi.
6. Rudisha vyote, kaza klipu, washa. Injini yaweza kunguruma ovyo kwa muda, kisha itulie. Isipotulia, mwone fundi.

Usisahau chujio!

Wengi husafisha koo wakaacha chujio bovu au bomba lililopasuka. Ni sawa na kufagia nyumba mlango u wazi na upepo wavuma. Vumbi hilo huenda mbele ya koo likasaga injini yenyewe, na hapo gharama si ya kopo moja tena. Kwa barabara zetu, chujio likaguliwe mara nyingi kuliko lile la gari linalokaa kwenye lami. Na gari likizidi kuzima baada ya usafi huu, huenda ni plagi au pampu ya mafuta. Usibahatishe.

Wahenga walinena: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Zoezi

(a) Kwa nini gari lenye koo chafu huzima dereva akiachia mafuta?
(b) Tunga sentensi kwa maneno haya: *chujio*, *masizi*, *upenyo*.