MBWA WA SHAMBA: TUBISHE MLANGO GANI TUPATE MSAADA?



Katika mafundisho yetu tunaongea sana juu ya mbuzi, nguruwe, kuku na ng'ombe. Mbwa tunamsahau. Lakini usiku yeye ndiye anayechunga depo ya mavuno, na wakati mahindi yanakomaa yeye ndiye anayefukuza nyani na nguruwe wa pori. Akigonjwa, mwenye mbwa anabaki peke yake: hajui amwone nani, aulize nini, wala alipe franga ngapi. Somo hili linaonyesha milango ya kubisha na namna koperative inaweza kusaidia.

1. Kwa nini mbwa ni kazi ya koperative yote

Hatari kubwa ni kichaa cha mbwa, ule ugonjwa wanaoita raje. Virusi vyake viko ndani ya mate. Mbwa mgonjwa akiuma mtu, virusi vinapita katika mishipa ya fahamu, polepole, mpaka kwenye ubongo. Mara nyingi inachukua miezi 2 au 3, lakini inaweza kuwa wiki moja ao hata mwaka. Alama zikishatokea kwa mtu, dawa ya kumponyesha haiko. Karibu wote wanakufa. Duniani, Shirika la Afya linakadiria watu 59.000 kila mwaka, wengi katika Afrika na Asia. Katika watu 10 wanaoumwa na mbwa wenye kushukiwa, karibu 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Ng'ombe na mbuzi nao wanaambukizwa na kufa.

Wengine wanatuambia: "Imbwa yangu iko muzima, chanjo ya nini?" Jibu: chanjo ni ya mbwa mzima. Mgonjwa haponi kwa chanjo.

Tena, chanjo ya mbwa mmoja haitoshi. Ili ugonjwa usitembee kijijini, inafaa mbwa 70 katika 100 wawe na chanjo. Tufanye hesabu: kijiji kiko na mbwa 40. 70 kwa 100 ya 40 ni 28. Ukichanja 8 tu, wenye hao 8 wanalala vizuri, lakini ugonjwa unaendelea kupita kwa wale wengine 32.

Kuna sababu ingine ya kujiunga. Chanjo nyingi za mbwa zinakuja katika chupa ya dozi 10, na chupa ikishatobolewa haiwekwi kwa wiki ijayo. Njo maana mwenye mbwa mmoja anaambiwa "ngoja", ao analipishwa bei kubwa. Muganga wa nyama hawezi kutoboa chupa, atumie dozi moja, amwage 9. Lakini mukimwita kwa mbwa 30, chupa 3 zinaisha siku moja, na franga za pikipiki munagawanya. Kidole kimoja hakivunji chawa.

2. Milango ya kubisha

*Ofisi ya Kilimo, Uvuvi na Ufugaji ya teritware.* Wengi wanaijua kwa jina AGRIPEL. Anzeni hapo. Ulizeni muganga wa nyama ao teknisie anayehusika na eneo lenu ni nani, na chanjo zinafika lini.

*Ispeksio ya jimbo (IPAPEL).* Kama teritware haina chanjo, komite iandike barua kwa jimbo. Muandike hesabu ya mbwa, majina ya vijiji na tarehe munayotaka. Barua yenye hesabu inajibiwa vizuri zaidi kuliko malalamiko.

*Vyuo vikuu vyenye kufundisha waganga wa nyama.* Université Catholique du Graben, Butembo, iko na fakulte hiyo. Université de Lubumbashi pia. Koperative iliyo karibu inaweza kuomba wanafunzi waje na mwalimu wao siku ya chanjo.

*Santri ya afya.* Haitibu mbwa, lakini inamhusu mtu aliyeumwa. Ulizeni mbele, siku ya amani: chanjo ya mtu iko hapa, ao tunapaswa kwenda hospitali gani ya zoni ya afya? Bei ni ngapi? Usingoje damu itoke ndipo uanze kuuliza.

*Chefu wa kijiji, makanisa, misikiti na shule.* Hawa ndio wenye kutangaza. Tarehe 28 mwezi wa 9 ni siku ya dunia ya kupigana na kichaa cha mbwa. Ni wakati mzuri wa kuomba chanjo na kufundisha watoto shuleni.

3. Namna ya kutengeneza siku ya chanjo

1. Mwezi mmoja mbele, sekretere afungue kaye ya mbwa: jina la mwenye mbwa, kijiji, dume ao jike, umri, rangi, tarehe ya chanjo ya mwisho. Waandikwe hata mbwa wa wale wasio wanamemba.
2. Komite ipatane bei na muganga wa nyama, kwa maandishi. Kila mwenye mbwa atoe sehemu yake mbele ya siku.
3. Chanjo inapaswa kubaki katika baridi ya digrii 2 mpaka 8, toka furigo mpaka kijijini. Muwe na sanduku la baridi lenye barafu, na lisiachwe kwenye jua. Chanjo iliyopata joto ni sawa na maji: mbwa anachomwa, mwenye mbwa analipa, lakini ulinzi hakuna. Muganga akifika bila sanduku la baridi, musikubali.
4. Muchague pahali penye kivuli, mapema asubuhi. Kila mbwa aje na kamba, ashikwe na mtu mzima anayemjua. Apana kutuma mtoto.
5. Kila mwenye mbwa apewe karata ya chanjo. Kwa kawaida mtoto wa mbwa anaanza chanjo akiwa na miezi 3, kisha inarudiwa kila mwaka ao kufuatana na muganga atakavyosema.

4. Mtu akiumwa

Fanyeni haya, bila kuruka hata moja:

- Osha kidonda mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 nzima. Kama hakuna bomba, mtu mmoja amwage maji ya bidoni, mwingine aoshe. Hata mkwaruzo mdogo unaoshwa.
- Nenda santri ya afya siku ile ile. Chanjo ya mtu inatolewa mara kadhaa: siku ya kwanza, kisha siku ya 3, ya 7, na zingine kama muganga atakavyoamuru. Usiache katikati juu ya kidonda kimepona.
- Jiwe jeusi, pilipili, majani na mafuta haviui virusi hivi. Vinachelewesha mtu tu, na katika ugonjwa huu kuchelewa ndiko kunaua.
- Mbwa akikamatika bila hatari, afungwe na kuangaliwa siku 10. Akibaki mzima mpaka siku ya 10, mate yake hayakuwa na virusi siku ile aliyouma. Lakini mtu asingoje siku hizo 10 ziishe ndipo aende kutibiwa.
- Mbwa mwenye kushukiwa akifa, apana kumchuna wala kumla, maana mwenye kupasua anaweza kuambukizwa. Mwiteni muganga wa nyama.

Alama za kushuku: mbwa mpole anakuwa mkali, anauma miti na mawe, sauti inabadilika, mate yanatoka, hawezi kumeza, taya linaanguka, miguu ya nyuma inalegea. Wengine hawawi wakali: wanajificha gizani na kunyamaza. Usitie mkono kinywani ukifikiri amekwamwa na mfupa.

5. Kazi za kila siku nyumbani

Mbwa mwenye njaa anatembea, na mbwa anayetembea ndiye anayeuma na kuumwa. Bugali peke yake haitoshi; changanya na maharagi yaliyopikwa ao vichwa vya samaki. Maji safi kila siku.

Mukichinja kondoo, mbuzi ao ng'ombe, musimtupie mbwa mapafu na maini mabichi yenye vifuko vya maji. Ndani yake kuna vijidudu vinavyokuwa minyoo ndani ya mbwa, kisha mayai yake yanarudi kwa watoto wetu. Vizikwe kwenye shimo refu. Ulizeni muganga wa nyama dawa ya minyoo. Wengi wanashauri kila miezi 3.

Ukitega sumu ya panya, julisha majirani na uzike panya waliokufa. Jike akiwa katika joto, afungwe ndani wiki 3. Kama hutaki watoto wa mbwa, uliza bei ya kuhasi siku ile ile ya chanjo.

Maswali ya kuzungumzia katika mkutano

1. Kijiji chetu kiko na mbwa wangapi? 70 kwa 100 ni wangapi?
2. Nani kati yetu anajua namba ya simu ya muganga wa nyama wa eneo letu?
3. Mtoto akiumwa usiku huu, tunampeleka wapi, na pikipiki inalipwa na nani?

Majibu ya swali la 2 na la 3 yaandikwe kwa herufi kubwa, yabandikwe kwenye mlango wa depo. Na swali la 1 lisiishie kwenye mkutano: kaye ya mbwa ifunguliwe wiki hii.