Injini Inaachia Mabehewa

Swali: Injini yangu ya treni ya mfano, ya kipimo cha HO, huachia mabehewa kila inapopanda mlima. Ninunue kiungio kipya?

Jibu: Pima kwanza kimo cha viungio. Kampuni ya Kadee inauza kipimo cha kimo kinachokaa juu ya reli. Viungio vikipishana kimo, mlimani vitachomokana tu. Kisha kisukume kiungio pembeni kwa kidole. Kisiporudi katikati chenyewe, fungua skrubu, safisha kisanduku chake, nyunyiza unga wa grafiti kidogo. Mafuta usitie kabisa, hunasa vumbi. Tazama pia springi ya taya la kiungio, ndogo mno na huruka kirahisi. Kama kiungio ni cha plastiki na taya limelegea, hapo badilisha. Mimi hupendelea Kadee namba 148 cha chuma: springi za kukirudisha katikati zimeshikana nacho, hivyo kukifunga si kazi.