Chungwa lililoanguka lisilale chini

Pasua chungwa lililodondoka jana. Kama ganda lina kitundu kidogo kilichozungukwa na doa laini, huenda ukakuta funza weupe ndani. Mweke mmoja kiganjani: atajikunja kama upinde, kisha ataruka. Huyo huenda ni mtoto wa nzi wa matunda aliyetoka Asia, akagundulika Kenya mwaka 2003, na mwaka huohuo Tanzania.

Wengi tukimwona tunakimbilia bomba la dawa. Lakini mayai yamo chini ya ganda na funza yumo ndani ya nyama ya tunda, dawa haimfikii. Akikomaa hujichimbia udongoni, na baada ya siku kumi hivi anatoka nzi mpya. Kwa hiyo kazi kubwa iko chini ya mti.

Msimu wa machungwa, okota yaliyoanguka angalau mara mbili kwa wiki, na yanayoozea mtini yaangushe. Yafukie shimoni, juu yake pawe na udongo wa futi mbili. Ukifukia juujuu, nzi watatoka tu. Palipo na mawe, na hapa kwetu Kinole, milimani Uluguru, mawe hatukosi, machungwa yatie kwenye nailoni nyeusi nzito, funga kabisa, uanike juani wiki mbili. Usiyatupe kwenye mboji. Kijitoni ndiyo kabisa usithubutu: maji ya Uluguru yanashuka Ruvu, na Dar es Salaam wanayanywa.

Mtego unasaidia. Toboa chupa ya maji pembeni, ning'iniza ndani pamba yenye kivutio cha methili ujenoli na dawa kidogo ya wadudu, utundike kivulini. Ila unanasa madume tu. Jike aliyekwisha kupandwa ataendelea kutaga, hivyo usiache kuokota kwa sababu chupa imejaa nzi.

Sisimizi wa mtini wanaoitwa maji moto nao usiwachome viota. Wakizurura juu ya tunda, jike hatulii kutaga. Siku ya kuchuma, jipake majivu mikononi ili wasikusumbue sana.

Shamba la mlimani lina shida yake: chungwa bovu la jirani wa juu huviringika hadi kwako, na lako kwa wa chini. Kubalianeni siku moja ya kuokota, kitongoji kizima. Na msiisahau mipera inayojiotea kando ya njia. Haina mwenyewe, mapera yake huozea palepale, na nzi hujificha humo mpaka michungwa izae tena.