Mbwa wa Jirani Akiuma: Tiba Kwanza, Madai Baadaye

Mbwa afugwaye nyumbani akimuuma jirani, maswali mawili huibuka pamoja: jeraha litibiwe vipi, na nani agharamie? Mara nyingi swali la pili hutangulia. Familia mbili hujadiliana nani alipie chanjo, siku zikapita, na majeruhi akabaki bila kinga. Makala haya yanaeleza hatari ya utaratibu huo, na jinsi sheria ya Tanzania Bara inavyolinda haki ya majeruhi bila kumchelewesha kupata matibabu.

Tiba haisubiri mapatano

Virusi vya kichaa cha mbwa hutoka katika mate ya mnyama, huingia jerahani na kusafiri kwa mishipa ya fahamu hadi ubongoni. Dalili zikishaanza, karibu wagonjwa wote hufariki. Kwa hiyo jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15, na majeruhi afike kituo cha afya siku hiyo hiyo. Endapo ngozi imetoboka, Shirika la Afya Duniani huelekeza apewe chanjo pamoja na imunoglobulini, yaani kingamwili zinazodungwa ndani ya jeraha na pembezoni mwake.

Mbwa asiuawe kwa hasira. Akiwa anaonekana mzima, afungwe na kuangaliwa na mtaalamu wa mifugo kwa siku 10. Akibaki na afya njema muda wote huo, mate yake hayakuwa na virusi siku alipouma, na daktari anaweza kusitisha dozi zilizosalia. Hata hivyo, chanjo huanza mara moja bila kungoja siku hizo ziishe.

Wajibu wa mwenye mbwa

Wajibu huo una pande mbili. Kwanza ni jinai: kifungu cha 233 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinamtia hatiani mtu ambaye kwa uzembe hachukui tahadhari dhidi ya hatari inayoweza kusababishwa na mnyama aliye mikononi mwake.

Pili ni madai ya fidia, ambayo misingi yake ilitokana na sheria ya Uingereza iliyopokewa Tanganyika tarehe 22 Julai 1920. Majeruhi anaweza kuthibitisha kwamba mwenye mbwa alijua ukali wa mnyama wake, kwa mfano kwa kuwa aliwahi kuuma. Hapo hana haja ya kuthibitisha uzembe. Ama anaweza kuonyesha uzembe wenyewe, kama vile lango kuachwa wazi au mnyororo uliokatika kutotengenezwa. Cheti cha chanjo ya mbwa hupunguza hofu ya ugonjwa, lakini hakifuti wajibu kwa jeraha. Kwa upande mwingine, majeruhi aliyemchokoza mbwa anaweza kudhoofisha madai yake.

Kumbukumbu za mhudumu

Ushahidi wa kuaminika zaidi huandikwa siku ya kwanza. Mhudumu aandike tarehe na saa ya kuumwa, mahali jeraha lilipo, idadi na kina cha majeraha, mbwa ni wa nani, na kama cheti chake cha chanjo kimeonekana. Fomu ya polisi namba 3 (PF3) ijazwe kwa ukamilifu, lakini kukosekana kwake kusizuie kuosha jeraha wala kuanza chanjo. Majeruhi naye atunze stakabadhi za dawa, nauli na chanjo, kwani ndizo zitakazoonyesha kiasi cha fidia.

Majirani wanaweza kupatana. Makubaliano yao yaandikwe na yashuhudiwe, kwa mfano na mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Wasipopatana, madai yafunguliwe mahakamani ndani ya miaka 3 tangu tukio. Virusi havitoi nafasi kama hiyo.