Vipisi vya mishumaa vina kazi jikoni

Baada ya mkesha wa Pasaka, kuanzia Ndanda kwa Wabenedikto hadi makanisa ya Masasi na Newala mjini, vipisi vya mishumaa hubaki tele. Majumbani navyo hujikusanya kila umeme unapokatika. Vingi huishia shimo la taka, huku mtu akiwasha mkaa kwa mfuko wa plastiki na watoto wakivuta moshi ule mweusi. Hilo linaniuma. Kabla hujafikiria kutengeneza mshumaa mpya, anza na kiwashio cha jiko.

Omba maranda kwa fundi seremala au mchonga vinyago, uyajaze kwenye vishimo vya trei ya mayai, ile ya karatasi. Weka vipisi kwenye kopo kuukuu la maziwa, lisimamishe ndani ya sufuria yenye maji kidogo, juu ya moto mdogo. Usibandike kopo motoni moja kwa moja: nta ya mishumaa huyeyuka kabla ya nyuzijoto 70, na ikizidi sana kupata moto hutoa mvuke unaolipuka. Ikishika moto, ifunike kwa mfuniko, usiimwagie maji kamwe, kwani itaruka na kukuunguza. Watoto wakae mbali. Yale maji ya sufuria, kwa Newala ambako ndoo ya maji haichezewi, yadekie nyumba.

Chuja tambi na njiti kwa kitambaa, mimina nta hadi maranda yalowe, iache igande, kisha kata kishimo kimoja kimoja. Kimoja chini ya mkaa kinawasha jiko hata masika, mkaa unapokuwa na unyevu. Teleka kikishaungua chote. Maganda ya korosho usiyachanganye humo, ingawa wabanguaji wanayo kwa wingi: mafuta yake hubabua ngozi, na moshi wake huwasha macho na koo.

Nta ikibaki nyingi, ndipo utengeneze mshumaa. Kalibu yake ipo uani: bua la jani la mpapai, maana lina tundu ndani. Kata kipande kilichonyooka, ziba chini kwa nta uliyoikanda mkononi ikalainika. Suka nyuzi tatu za pamba ziwe utambi (nailoni haifai, huyeyuka tu), uchovye kwenye nta, uning'inize katikati ukiwa umefungwa kwenye kijiti. Mimina kidogo kwanza, igande chini, ndipo ujaze. Nta hunywea ikipoa na kuacha shimo kandokando ya utambi, ongeza tena. Kesho yake pasua bua, limenye.

Kipisi kikavu nacho kina kazi. Kisugue kwenye zipu ya begi la shule inayokwama au kwenye meno ya msumeno. Panga likishanolewa na kukaushwa, lisugue pande zote mbili kabla ya kulitundika, lisishike kutu wakati wa mvua.